Maumivu ya korodani kwa wavulana na vijana: maswali na majibu

Epididimisi ni nini?
Ni mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani. Ukinyooshwa unafika kama mita 6. Mbegu za kiume hukomaa humo. Mrija huo ukivimba na kuuma, ndio ugonjwa tunaouzungumzia.

Mwanangu wa miaka 13 ameamka usiku akilia korodani. Nisubiri kukuche?
Hapana, mpeleke hospitali sasa hivi. Maumivu ya ghafla katika umri huu huenda ni korodani iliyojisokota. Ikijisokota, mishipa yake ya damu hunyongwa. Ikirudishwa ndani ya saa 6 mara nyingi hupona. Zikipita, uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka. Mtoto anaweza kutapika, na korodani ikaonekana imepanda juu au imelala kiubavu.

Epididimisi kuvimba huja taratibu, kwa siku moja au zaidi, pengine pamoja na homa au mkojo unaounguza. Lakini usijaribu kuamua nyumbani. Hata daktari huhitaji ultrasaundi (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti), na akibaki na shaka humpasua mgonjwa bila kuchelewa. Kwa hiyo mtoto asile wala asinywe kitu njiani.

Wavulana wengi huona haya, wakasema tu "tumbo linauma". Ukimwona anatembea ametanua miguu, muulize waziwazi, au baba yake au mjomba amuulize faraghani. Aibu hii imewapotezea watoto korodani.

Je, mtoto akivimba epididimisi ina maana ameanza ngono?
Hapana. Kwa asiyebalehe, mara nyingi hakuna bakteria kabisa: uvimbe hufuata maambukizi ya virusi au kuumia. Ukijirudia, achunguzwe njia ya mkojo. Ila vipimo vikionyesha kisonono au klamidia (magonjwa ya zinaa) kwa mtoto, lazima ifuatiliwe kama kuna mtu anayemdhuru.

Kwa vijana walioanza kujamiiana, klamidia na kisonono ndiyo visababishi vikuu, hata kama hakuna usaha unaotoka uumeni. Kifua kikuu nacho hufika huko: uvimbe mgumu, usiouma sana, unaokaa wiki nyingi. Uvimbe wa namna hiyo upimwe pia saratani.

Wazee wanasema ni ngiri au busha. Nitumie mitishamba?
Ngiri ni utumbo ulioshuka. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na kwa kawaida haliumi. Yote mawili hayatibiwi kwa mizizi, wala uvimbe unaouma haukandwi kwa maji ya moto.

Tiba ya epididimisi iliyovimba ni ipi?
Kijana anayeshukiwa kuwa na kisonono au klamidia kwa kawaida huchomwa sindano moja ya seftriaksoni na kumeza doksisaiklini kwa siku 10; zote mbili ni dawa za kuua bakteria. Usijinunulie vidonge viwili vitatu duka la dawa; maambukizi yaliyotibiwa nusu huweza kuacha jipu, maumivu ya kudumu au ugumba. Lala, weka taulo iliyokunjwa chini ya korodani, na barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika chache.

Mwenzi wako, na yeyote uliyelala naye katika siku 60 zilizopita, atibiwe pia. Msikutane kimwili hadi wote mmalize dawa na dalili ziishe. Usipopata nafuu ndani ya siku 3, rudi kwa daktari. Maumivu yakishatulia, uvimbe wenyewe unaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha.