Maji kutulia Nungwi si ruhusa ya kwenda Pemba

Wengi wanaotaka kuvuka kwa tanga Jumamosi hutazama ufuo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, alfajiri: maji yametulia, basi twende. Hicho si kipimo. Msimu wa kusi upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, na ufuo wa magharibi wa Nungwi umekingwa na kisiwa chenyewe. Ukishaipita rasi, kinga imekwisha. Mbele ni takriban kilomita 50 za bahari wazi.

Tena kwenda ni rahisi mno, upepo na mkondo vyote vinakusukuma kaskazini. Kazi ni Jumapili: kurudi kwa kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, mkondo ukikupinga, mawimbi yakipanda gubetini, mbele ya chombo. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, upepo na mawimbi, wa siku zote mbili. Jumapili ikiwa na mashaka, mimi Jumamosi sing'oi nanga.