Je, wajua kwa nini rejeta inaisha maji na chini ya gari huoni hata tone?

Kuna watu wanaishi na dumu la lita 5 kwenye buti, kila asubuhi boneti juu, maji yanajazwa, safari inaanza, ukimuuliza anakwambia hii gari inakunywa maji tu. Mimi nimeishi hivyo miezi kadhaa na Corolla 110 ya mwaka 1998. Usiku nikawa naweka kadibodi chini ya injini nikitegemea asubuhi nione alama, naamka kadibodi kavu kabisa, nafungua rejeta maji yameshuka. Sasa yanaenda wapi?

Yanatoka ukiwa barabarani. Injini ikiwa ya baridi ndani ya rejeta hakuna presha, kwahiyo hata kama kuna kitobo kidogo au klipu imelegea, maji yanatulia tu mahali pake. Ukiwasha, yakapata moto, yanatanuka, presha inapanda na ndo yanaanza kujipenyeza, halafu yakigusa chuma cha moto yanageuka mvuke kabla hayajafika chini. Unafika nyumbani, injini inapoa, presha inaisha, kadibodi inabaki kavu.

Na hiyo presha imewekwa makusudi, inashikwa na mfuniko wa rejeta ambao wengi wetu tunauchukulia kama kizibo cha kawaida. Usome juu, utakuta 0.9 au 1.1, hizo ni kilo kwa kila sentimita ya mraba ambazo springi yake inazuia kabla ya kuachia. Maji ya kawaida pale Dar yanachemka nyuzi 100, ukiyabana kwa hiyo 0.9 yanavumilia hadi karibu 118. Sasa panda nayo Mbeya au Nairobi, huko juu sufuria ya wazi inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na feni ya Toyota nyingi za kipindi kile inasubiri karibu 93 ndo iwake. Yaani mfuniko ukiwa umekufa, feni inaamka wakati maji yanakaribia kuchemka. Ndo maana gari inatembea mjini vizuri tu mwaka mzima halafu ukiipandisha mlima Kitonga kule Iringa inachemsha.

Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Niliugeuza ule mfuniko (injini ikiwa baridi kabisa, tafadhali, ukifungua ya moto yale maji yanakurukia usoni na yanaunguza vibaya sana), nikabonyeza mpira wake kwa ukucha, ukawa mgumu kama kwato, pembeni una ufa mwembamba kama unywele. Katikati kuna kivalvu kidogo ambacho injini ikipoa kinafunguka ili maji yaliyokimbilia rizavu (kile kitanki cha plastiki cha akiba) yarudi kwenye rejeta, nikakivuta, kimeganda na kutu. Kwahiyo kila safari maji yalikuwa yanaenda rizavu, yakijaa yanamwagika njiani kupitia kile kimpira cha pembeni, na yaliyobaki hayarudi. Nikanunua mfuniko mpya wenye namba ileile, na dumu likatoka kwenye buti.

Kama mfuniko wako ni mzima, basi tafuta tundu. Dawa ya nyumbani bila kifaa cha kupimia presha ni hii: futa injini kwa kitambaa, hasa kwenye maungio ya mipira, endesha hadi ipate moto sawasawa, rudi, zima, halafu usiondoke. Dakika 10 za mwanzo baada ya kuzima wota pampu, ile inayozungusha maji kwenye injini, imesimama lakini chuma bado kina moto, maji yanazidi kupata joto na presha inapanda, hapo ndo tone linajitokeza. Mulika kwa tochi ncha za mpira wa juu na wa chini, mulika pale plastiki ya rejeta inapokutana na aluminiamu, mulika chini ya wota pampu maana ina kitobo maalum ambacho sili yake ikichoka kinaanza kudondosha maji. Ukiona ukoko mweupe au wa pinki, hapo kulanti (ile dawa ya rangi ya kupoozea injini) imekauka, umeshapata. Kapeti la mbele likiwa limelowa na ndani kunanukia utamutamu, ni rejeta ndogo ya hita. Ila ukifungua mfuniko wa oili ukakuta kitu kama chai ya maziwa, au rejeta inatoa mapovu tangu unawasha, acha kuwasha, hiyo inaelekea ni gasketi ya silinda hedi, ipeleke kwa fundi.

Mpira uliopasuka kwenye ncha tu na bado una urefu unaweza kukata ule mwisho mbovu, ukafuta shingo ya bomba hadi ing'ae, ukarudishia klipu mpya. Plastiki ya rejeta ikipasuka mimi sishauri gundi, imeshakomaa kwa joto, ukiziba hapa inapasuka pale. Na ile sabuni ya mche tunayopachika kwenye tanki la mafuta isikudanganye, kwenye petroli inashika kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, maji yanaiyeyusha.

Wakati wa kujaza, nusu kulanti nusu maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya kuongezea betri, na hakikisha hujauziwa asidi. Maji ya kisima, hasa visima vya Dar vyenye chumvi, yanakula chuma na kujaza magamba kwenye vijia vya rejeta, baada ya muda unarudi palepale. Kulanti iliyomwagika ifute mara moja, ina ladha tamu na ni sumu, mbwa na watoto wanailamba. Acha mfuniko wazi kuanzia injini ikiwa baridi, washa hita kwenye moto kabisa, iache injini inguruma taratibu huku ukiminyaminya mpira wa juu hadi thamostati (valvu inayoruhusu maji kupita kwenda rejeta yakipata moto) ifunguke, kama nyuzi 82 hivi, utaona hewa inatoka na maji yanashuka ghafla, ongeza, funga. Chora mstari kwa maka pen kwenye rizavu, na kwa asubuhi 3 uangalie kabla hujawasha.