Mompox: Mji Ulioachwa na Mto Wake

Mji wa Santa Cruz de Mompox uko kaskazini mwa Kolombia, katika mkoa wa Bolívar, kwenye ukingo wa tawi mojawapo la mto Magdalena. Mto huu, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,500, huanzia katika milima ya Andes na kumwaga maji yake katika bahari ya Karibi. Kabla ya kufika baharini hupita katika bonde pana ambalo ardhi yake inadidimia polepole, na humo hupokea maji ya mito Cauca, San Jorge na Cesar. Mto ukifika mahali tambarare namna hiyo hupungukiwa na kasi, huacha tope ulilolichukua kutoka milimani, kisha hugawanyika katika matawi mengi. Kustawi kwa Mompox kulitokana na mto huo, na kudorora kwake kulitokana na tope hilo.

Muda mrefu kabla ya Wahispania, watu wa jamii ya Zenú walikwisha kujua namna ya kuishi na mafuriko ya bonde hili. Kandokando ya mto San Jorge walichimba mifereji na kuinua matuta ya kulimia juu ya usawa wa maji, katika eneo linalokadiriwa kufikia hekta 500,000, na alama zake bado huonekana vizuri kutoka angani.

Wahispania walianzisha mji mwaka 1540. Shehena zilizotoka bandari ya Cartagena kwenda bara, na dhahabu iliyoteremka kutoka huko, zilipita Mompox katika mashua ndefu zilizosukumwa kwa upondo, kwanza na wenyeji wa asili na baadaye na Waafrika waliotiwa utumwani. Kwa kawaida Wahispania walijenga miji yao kuzunguka uwanja mmoja wa kati. Mompox ulifuata mto: barabara yake kuu ni tuta la kuzuia maji, na viwanja vyake vitatu, kila kimoja na kanisa lake, vimepangwa kandokando ya ukingo.

Tarehe 6 Agosti 1810 mji ulitangaza uhuru kutoka Hispania. Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya kupigania uhuru, alipofika mwishoni mwa mwaka 1812, wanaume wapatao 400 wa Mompox walijiunga naye katika safari ya vita iliyomfikisha Caracas mwaka uliofuata. Ukingoni pa mto lipo jiwe lililochongwa tarehe alizofika na kuondoka, na ni dhahiri kwamba wenyeji wanajivunia sana hesabu hiyo.

Katika karne ya 19 tope lilizidi kujaa katika tawi la Mompox, na maji mengi yakahamia tawi la Loba, upande wa magharibi. Meli za mvuke ziliyafuata maji, na biashara ikahamia Magangué. Kwa kuwa fedha za kubomoa na kujenga upya hazikuwapo, nyumba za kale zilibaki kama zilivyokuwa, na mwaka 1995 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Masonara nao hawakuhama. Hadi leo huvuta fedha na dhahabu kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba, husokota nyuzi mbili pamoja, kisha huzikunja ndani ya fremu ndogo ili kupata hereni na vikuku.

Wanyama wa bonde hili huishi kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Samaki aitwaye bocachico, asiyepatikana kiasili nje ya mito ya Kolombia, hunenepa katika mabwawa ya pembeni wakati wa mafuriko, na kiangazi kinapoingia hupanda mto kwa makundi makubwa, nao wavuvi humngojea. Yupo pia kobe wa majini anayepatikana Kolombia peke yake. Nguva wa huko huishi hata katika maji yasiyo na chumvi, tofauti na nguva wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye ni wa baharini tu. Mkia wa nguva wa Magdalena ni wa mviringo kama kasia, ilhali wa kwetu umegawanyika mara mbili.

Mgeni wa mto huo ni kiboko. Pablo Escobar, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya, aliingiza wanne katika shamba lake, mbali na Mompox upande wa juu wa mto, miaka ya 1980, na baada ya kifo chake mwaka 1993 wanyama hao waliachwa wakazaana. Sasa wamezidi 100. Katika mito kama Ruaha Mkuu, kiangazi kikali hukausha madimbwi na kupunguza idadi ya viboko, lakini Magdalena haukauki. Mwaka 2022 serikali ya Kolombia iliwatangaza kuwa viumbe vamizi, na mwaka 2023 ikaanza kuwafunga uzazi, kazi ya gharama kubwa kwa kuwa kila mnyama lazima kwanza anaswe na kulazwa kwa dawa.