Ganda la 9 mm Luger halikatwi likawa .380

Marekani, ambako watu wengi hujaza upya maganda yao ya risasi nyumbani, kuna imani isiyokufa: kata ganda la 9 mm Luger, upate la .380 ACP, zote mbili zikiwa risasi za bastola. Kosa lenyewe linaeleweka. Ulaya .380, risasi iliyobuniwa na John Browning na kutolewa na Colt mwaka 1908, huitwa “9 mm fupi”, na vichwa vya risasi hizo mbili vina kipenyo kilekile, takribani milimita 9. Basi mtu huona tofauti ni urefu wa ganda tu: milimita 19.15 kwa 17.3.

Tatizo liko kitakoni. Ganda la Luger limetanuka kuelekea chini hadi kufikia milimita 9.9 hivi, la .380 limenyooka, na kitako chake ni 9.5. Hiyo karibu nusu milimita ndiyo kila kitu. Kalibu, kifaa cha kulirudisha ganda kwenye kipimo chake, hubana kuta za ganda, lakini kitako ni metali nene isiyobonyea, kwa hiyo ganda lililokatwa halitaingia kwenye chemba ya .380, yaani tundu la bastola risasi inapokaa, hata ulibembeleze vipi.

Ajabu ni kwamba kulikata ganda la Luger hivyohivyo hufaa kwa Makarov, risasi ya bastola ya Kisovieti. Kitako chake kinakaribiana sana na cha Luger, na ganda lina urefu wa milimita 18 tu. Ila kichwa chake ni kinene zaidi, milimita 9.27, kwa hiyo vichwa vya Luger havifai humo.