Namba za flavonoidi kwenye lebo ya asali na gundi ya nyuki: tunavyoamini na ilivyo kweli

Jamani watu wa Tanga, siku hizi ukipita Mgandini au Ngamiani unakuta asali na vichupa vya matone ya gundi ya nyuki (propolisi), na lebo nyingine zinasema flavonoidi (kundi la kemikali za mimea) kiasi hiki, antioksidanti (vitu vinavyozuia uoksidishaji) kiasi hiki, basi mtu anaangalia namba anatoa hela. Wafugaji wetu wa Handeni na Pangani wanaitolea jasho kazi hii, ndo maana inaniuma tukipotoshana.

DHANA: Asali nyeusi ndo yenye dawa.
UKWELI: Si uongo mtupu, asali nyeusi mara nyingi ina fenoli (kemikali za mimea, flavonoidi zikiwa kundi mojawapo) nyingi kuliko nyeupe, ila asali ikichemshwa au ikikaa muda mrefu kwenye joto nayo inakuwa nyeusi. Ndo maana maabara wanapima HMF, kitu kinachotokea sukari ya asali inapopata joto au kukaa sana, Codex (wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa) wameweka kikomo miligramu 40 kwa kilo, kwa asali ya nchi za joto 80. Na ile ya kuchovya njiti ya kiberiti kwenye asali kisha kuiwasha haipimi fenoli hata kidogo, achana nayo.

DHANA: "Jumla ya fenoli" ndo flavonoidi zenyewe.
UKWELI: Hapa ndo watu wengi wanapotea. Kipimo chenyewe kinaitwa Folin-Ciocalteu, unachanganya sampuli na dawa ya njano, unatia sodiamu kaboneti, unasubiri, taratibu inageuka bluu, kisha spektrofotomita inasoma ule ubluu umekolea kiasi gani, kwa kawaida kwenye nanomita 765 hivi. Ni kipimo rahisi na kizuri, lakini hakichagui, vitamini C inakigeuza bluu, glukosi na fruktosi nazo zinachangia, na asali sehemu yake kubwa ni sukari hizo hizo! Ni sawa na kuhesabu abiria wote wa daladala halafu useme wote wanafunzi. Anayepima asali kwa makini anaipitisha kwanza kwenye safu ya rezini inayoshika fenoli, sukari anaiosha itoke, ndo apime. Na jibu huandikwa "sawa na asidi ya galiki", maana yake wamelinganisha na kitu kimoja tu, hawajahesabu kila kilichomo.

DHANA: Basi kipimo cha flavonoidi peke yake kinamaliza kazi.
UKWELI: Kile cha alumini kloridi, kinachotoa unjano, kinashika vizuri flavoni na flavonoli (aina mbili za flavonoidi), ila flavanoni (aina nyingine) kama pinosembrini kinazishika kidogo sana, na pinosembrini imo kwa wingi kwenye gundi ya Ulaya. Kwa hiyo gundi nzuri inaweza ikaonekana masikini. Ukitaka kujua kilichomo kimoja kimoja ni HPLC, mashine ya maabara inayotenganisha vilivyomo.

DHANA: Gundi ya nyuki ni ile ile popote.
UKWELI: Nyuki anaokota utomvu wa miti aliyoikuta. Ulaya ni mipopla, Brazili ile ya kijani inatoka kwenye Baccharis dracunculifolia na kinachoitambulisha ni artepilini C, ambayo wala si flavonoidi! Nyuki wa huku kwetu wana miti yao, sasa ukiipima gundi ya Tanga kwa kigezo cha Ulaya ukaiona haifai, umeionea bure.

DHANA: Antioksidanti ikiwa juu basi inatibu.
UKWELI: DPPH, kemikali ya maabara ya kupimia antioksidanti, ni rangi ya zambarau inayofifia ndani ya kichupa, mwili wa mtu haumo mle.

Kitu kingine, "gundi asilimia 20" maana yake si flavonoidi asilimia 20, gundi mbichi ina nta nyingi tu, mara nyingi kama asilimia 30. Muulize muuzaji wamepima kwa njia gani, wamelinganisha na nini, na ile namba ni kwa gramu ya gundi mbichi, ya kilichobaki spiriti iliyoyeyushia gundi ikikauka, au kwa mililita ya matone, maana kichupa kile kile kinaweza kupewa namba tatu tofauti na zote zikawa sahihi.