Hisa ya dhahabu ni nini?

Serikali ikiingia kwenye kampuni binafsi, wengi hudhani imetaifishwa. Mara nyingi sivyo. Serikali inaweza kuwa mwanahisa kama wengine, au ikajiwekea hisa moja tu ambayo haiwapi wenzake hofu ya kugawana nayo faida, ila ina turufu: bila ridhaa yake mambo fulani hayapiti. Hiyo moja ndiyo huitwa hisa ya dhahabu. Uingereza iliitumia sana miaka ya 1980 ilipobinafsisha mashirika ya umma; iliuza nyumba, ikabaki na ufunguo wa chumba kimoja.

Marekani ilichukua hisa ya namna hiyo Juni 2025, Nippon Steel ya Japani ilipoinunua U.S. Steel, kampuni ya chuma ya Marekani. Kwa hisa hiyo rais anaweza kuzuia makao makuu yasihamishwe kutoka Pittsburgh, uzalishaji usipelekwe nje, hata jina la kampuni lisibadilishwe. Hilo la jina ndilo linalonivutia. Mnunuzi ametoa dola zipatazo bilioni 15, na bado kubadili jina lililo mlangoni ni lazima aombe.

Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, ni kinyume chake. Agosti 2025 serikali ilikubaliana nayo kuchukua hisa milioni 433, karibu asilimia 10, kwa dola bilioni 8.9, fedha zilizotokana na ruzuku ambazo kampuni ilikuwa imeahidiwa lakini haijalipwa. Pamoja na wingi huo, serikali haikupata kiti kwenye bodi, na iliahidi kupiga kura upande wa bodi isipokuwa katika mambo machache. Kwa mkataba, basi, mwenye hisa moja ana sauti kuliko mwenye mamilioni.

Halafu kuna Cracker Barrel, mikahawa iliyoanzia Tennessee. Mwezi huohuo wa Agosti ilimwondoa kwenye nembo yake mzee aliyeegemea pipa. Wahafidhina wakaja juu, bei ya hisa ikashuka, Trump akaandika kwamba warudishe nembo ya zamani. Siku hiyohiyo kampuni ikatangaza kuirudisha. Hapo serikali haikuhitaji hisa wala turufu.

Ndiyo maana si vizuri kuchanganya mamlaka na shinikizo. Turufu ya U.S. Steel imeandikwa, ina mipaka, na mwanasheria anaweza kuisoma. Cracker Barrel hawakuwa na karatasi yoyote ya kusoma. Wakitaka kumwondoa tena yule mzee kesho, kisheria hawaombi ruhusa Ikulu.