Kwa nini tarehe huweza kurukwa katika kalenda ya Kihindu?

Mwaka 2024 familia nyingi za Kihindu ziliulizana: taa za Diwali tuziwashe Alhamisi Oktoba 31, au Ijumaa Novemba 1? Wako waliowasha Alhamisi, wako waliongoja Ijumaa, na kila upande ulikuwa na kalenda mkononi.

Kalenda hiyo ni panchanga, yaani viungo vitano: tithi, siku ya wiki, kundi la nyota uliko mwezi, yoga (hesabu ya mahali pa jua na mwezi ikijumlishwa, si mazoezi ya mwili) na karana (nusu ya tithi). Utata hutoka kwenye tithi. Hii ndiyo tarehe, lakini haipimwi kwa saa 24. Ni muda ambao mwezi hutumia kuliacha jua kwa nyuzi 12 angani. Duara lina nyuzi 360, basi mwezi mmoja una tithi 30. Na mwezi wa angani hauna mwendo mmoja: ukiikaribia dunia hukimbia, ukiwa mbali hujikokota. Ndiyo maana tithi moja huweza kwisha kwa saa 20 hivi na nyingine ikapita 26.

Siku nayo huanza jua linapochomoza, ikachukua jina la tithi iliyopo dakika hiyo. Tuseme tithi ya saba imeanza dakika 20 baada ya macheo ya Jumatatu, ikaisha nusu saa kabla ya macheo ya Jumanne. Jumatatu itakuwa tarehe 6 na Jumanne tarehe 8. Ya saba ilikuwepo, ila haikuwahi macheo. Tithi ndefu ikikuta macheo mawili, tarehe hujirudia.

Diwali huangukia tithi ya giza ambapo mwezi hauonekani, amavasya. Mwaka ule, kwa saa za India, ilianza Alhamisi kabla ya saa kumi alasiri, ikaisha Ijumaa baada tu ya saa kumi na mbili jioni. Macheo yaliyoikuta amavasya yalikuwa ya Ijumaa, lakini sikukuu yenyewe ni ya usiku, na usiku wote wa Alhamisi ulikuwa wa amavasya. Kwangu mimi, hoja ya Alhamisi ilikuwa na nguvu zaidi.

Miezi 12 ya mwandamo ni mifupi kuliko mwaka wa jua, ndiyo maana Ramadhani husogea siku kama 11 kila mwaka. Diwali haitoki Oktoba na Novemba kwa sababu Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miezi 32 au 33 hivi. Mwaka 2023 mwezi wa Shravana ulikuja mara mbili.

Saa za nuksi pia hufuata jua. Rahu, kichwa kisicho na kiwiliwili kinachosemwa kulimeza jua likapatwa, ana fungu lake kila siku. Mchana hugawanywa mafungu manane. Jumatatu lake ni la pili, Jumapili la mwisho. Kwa saa za Kiswahili, zinazoanza na mapambazuko, ni rahisi: jua likichomoza saa kumi na mbili kamili na kuzama saa kumi na mbili, Rahu wa Jumatatu huanza saa moja na nusu hadi saa tatu. Muda huo wengi kusini mwa India hawafungui duka jipya wala kuanza safari. Mchana ukirefuka, fungu nalo hurefuka, na kila mji una hesabu yake.